Nyama ya moshi inatoka chungu, mkaa unarusha cheche, moto unazima: tuanze na gunia lako

Watu wengi wanaokausha nyama kwa moshi nyumbani, ikiharibika wanalaumu nyama, wanalaumu viungo, wanalaumu pipa, ila mkaa hawaugusi kabisa kwa sababu mkaa ni mkaa tu, umeununua pale pale unaponunua wa kupikia na haujawahi kukuletea shida. Sasa ubwabwa uko ndani ya sufuria na mfuniko juu, moshi hauugusi. Nyama ya moshi inakaa masaa 5, 6, mpaka 10 ndani ya pipa lililofungwa na kila kinachotoka kwenye ule mkaa kinapita juu yake, kwa hiyo kasoro ambayo kwenye maharage usingeijua hapa unaila. Ndo maana naomba kabla hujabadilisha chochote kwenye mapishi yako uangalie kwanza gunia, ulilinunua vipi na umeliweka wapi.

Naongea na mtu wa pipa, lile pipa la chuma la lita 200, mkaa chini, nyama juu, tundu la hewa chini na jingine kwenye mfuniko, na joto la ndani tunalolitafuta ni nyuzi 110 mpaka 130 za Selisiasi. Mwenye jiko la matofali mambo yake ni yale yale. Na kitu kimoja tuelewane mapema maana nusu ya matatizo yanazaliwa hapo: mkaa ni wa joto, ladha ya moshi inatoka kwenye kuni. Mti ulipochomwa kule porini harufu yake nzuri ilishaondoka na moshi wa tanuri, kilichobaki sehemu kubwa ni kaboni, kwenye mkaa ulioiva vizuri inafika kama robo tatu ya uzito. Kwa hiyo mtu akikwambia mkaa wake unatoa moshi mzuri sana, mwambie autazame tena. Ladha weka vipande vitatu vinne vya mpera mkavu, au mchungwa, au mlimau, na pwani wanaokausha samaki wanatumia makumbi ya nazi, hata kuku anakubali.

Nyama chungu, ulimi unakuwa mzito, juu kuna weusi unaonata

Hii ndo inayokatisha watu tamaa kuliko zote, mtu kanunua kidari cha ng'ombe kwa hela yake, kakesha nacho, afu wageni wanakula kipande kimoja wanaweka pembeni kwa heshima.

Cha kwanza ninachotafuta mimi ni mkaa mbichi. Simaanishi uliolowa, namaanisha ambao haukuiva tanurini. Tanuri la kienyeji, magogo yamepangwa yakafunikwa nyasi na udongo, halishiki joto sawa pande zote, magogo ya pembeni yanabaki nusu mti nusu mkaa, na mchomaji akiwa anawahi gari anafukua mapema, basi vile vijinga vinapakiwa humo humo na vizuri. Vunja vunja vipande kadhaa vikubwa kutoka kwenye gunia lako. Ukikuta ndani kuna rangi ya kahawia, au kipande kinagoma kukatika, kinajikunja na kuacha nyuzi nyuzi za mti, hicho ni kijinga. Kikiingia kwenye moto kitatoa moshi mzito wa njano njano unaowasha macho, na ile lami iliyomo ndani ya moshi ndo inakuja kutua juu ya nyama yako yenye ubaridi na unyevu. Uchungu wako ni huo.

Usimwage gunia. Chambua, vijinga viweke pembeni vitafaa kuchemshia maji nje, na hata huo uliobaki usiutie pipani ukiwa haujawaka. Uwashe kwanza kwenye jiko la kawaida mpaka moshi uishe wote na kingo za vipande zianze kuwa na majivu meupe, ndo unauhamishia. Hapo hata mkaa wa wastani unakuwa na adabu.

Kama mkaa ni mzuri na bado nyama ni chungu, angalia tundu la juu. Kuna watu wanalifunga ili moshi usitoke, wanaona wanapoteza ladha, kumbe ndo wanajimaliza. Moshi unatakiwa upite, sio ukae. Ukikaa unapoa, lami inashuka, na moto nao unakosa pumzi unaanza kufuka badala ya kuwaka. Tundu la juu liache wazi siku zote, joto lisimamie kwa tundu la chini. Moshi unaoutaka ukitoka juu ni mwembamba, una ubluu kidogo, wakati mwingine hata huuoni ila harufu unaisikia. Ukiona mzito mweupe unafumuka, nyama isiingie, subiri nusu saa hivi usafike wenyewe.

Baada ya hapo ni kuni. Kuni mbichi hapana, na kuziloweka hakusaidii, maji yanaingia sehemu ndogo tu ya juu na kabla hayajakauka unachopata ni mvuke na moto uliodumaa. Wingi nao, mtu anatupia kipande kila baada ya dakika kumi anadhani anaongeza utamu, wakati nyama inapokea moshi vizuri zaidi mwanzoni ikiwa bado ya baridi na imelowa, baadae unazidisha masizi tu. Na tafadhali mabaki ya fundi seremala yenye rangi, vanishi, gundi au dawa ya mbao yasisogee hapo, wala plaiwudi, hizo kemikali mwanao anaenda kuzila.

Mafuta ya nyama yakidondokea kwenye mkaa pia yanaleta moshi mchafu, na huu sio uchungu tu, moshi wa mafuta yaliyoungua una kemikali ambazo baadhi yake zinahusishwa na saratani. Weka sinia ya chuma katikati, mkaa chini yake, nyama juu, mafuta yadondokee humo. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, na chuo cha mafundi wa uvuvi cha Thiaroye kule Senegal walipotengeneza oveni yao ya kukaushia samaki walitia humo sinia ya kukinga mafuta kwa sababu hiyo hiyo, kwa hiyo sio anasa.

Gunia zuri kwa macho, ndani balaa

Hapa nakaa kidogo maana ukinunua vibaya hayo mengine yote unahangaika tu.

Ukisimama barabarani, tuseme Chalinze kuelekea Morogoro au njia ya Handeni, magunia yamepangwa na lumbesa zake yanapendeza, usinunue kwa urefu wa lumbesa. Salimia, "Shikamoo mama, naomba nifungue hapa nione", na mwenye mkaa mzuri atakwambia fungua tu mwanangu, akikataa muage kwa heshima uendelee na safari. Juu siku zote vimepangwa vipande vikubwa vizuri, ndo biashara ilivyo, wewe ingiza mkono pembeni mpaka katikati utoe cha ukubwa wa ngumi. Kigonge na kingine. Mkaa ulioiva na mkavu unalia juu kama vigae vya chungu vinavyogongana, mbichi au uliolowa unatoa mlio mzito uliokufa. Kisha kivunje, panapovunjika pawe peusi panang'aa, na zile duara za mti uzione bado zimekaa vizuri. Nusa. Mkaa mzuri karibu hauna harufu, ukisikia harufu kali ya moshi wa siki siki hapo kuna vijinga. Halafu mkono wako wenyewe, weusi mkavu unaopukutika ni sawa, ila ukiwa na tope tope au mchanga unaokwaruza ujue gunia limemwagiwa au limezolewa na udongo.

Uzito unadanganya pande zote mbili. Mkaa wa mti mgumu ni mzito kwa haki yake, mrama, mgunga, miti ya miombo, hiyo ndo unayoitaka kwa kazi ya masaa mengi. Ila uzito wa maji nao ni uzito, na unaponunua kwa kilo inakuuma zaidi: kilo 50 zenye maji asilimia 15 ni kilo 7 na nusu za maji umelipia. Njia ya kujua ni ule mlio, mzito unaolia juu ni mti mgumu, mzito usiolia ni maji au mbichi. Mkaa mwepesi sana unaopondeka kwa vidole ni wa mti laini, utawaka haraka na kuisha haraka, wa mishkaki ya nusu saa unafaa, kwa paja la mbuzi utalia.

Ndugu zetu wa Kenya wana mkaa wa mathenge wa kule Baringo, ni mgumu na una moto mzuri sana, na mathenge ni wa ukoo mmoja na mesquite ambao watu wa Texas wanauchomea nyama. Ila huo ukiwa haujaiva moshi wake ni mkali, chambua vijinga vyake kwa makini zaidi.

Kama una uwezo wa kuchagua chanzo, uliza kibali. Kilosa kuna vijiji vilivyoingia kwenye mradi wa mkaa endelevu kuanzia 2012, wanavuna msitu kwa vitalu na kuacha visiki vichipue, na mkaa wa mtu asiyejificha mara nyingi umeiva vizuri kwa sababu hakuna anayemkimbiza afukue usiku. Hiyo ni hoja ya msitu na ni hoja ya nyama pia.

Briketi, yaani mkaa mbadala wa kushindiliwa, siupingi. Ule wa vifuu vya nazi ni mzuri, ukubwa mmoja, joto linatulia, cheche hamna. Shida inakuja kwa baadhi ya wanaotumia udongo mwingi kugandishia, unawasha kitu kinaacha tofali la majivu saizi ile ile uliyoiweka na hewa inaziba chini. Nunua chache kwanza, choma moja peke yake mpaka iishe, pima kwa macho kilichobaki.

Mkaa unapasuka na kurusha cheche

Mara nyingi ni maji. Unyevu umejificha ndani ya vitundu vya mkaa, moto ukipanda ghafla unageuka mvuke na kukosa pa kutokea, kipande kinapasuka. Ndo maana masika, kati ya Machi na Mei, kila mtu analalamika cheche hata kama muuzaji ni yule yule. Anika juani, umetandazwa sio ukiwa kwenye gunia, siku moja ya jua kali inaleta tofauti kubwa, afu washa taratibu, usipepee na feni kwa fujo mwanzoni.

Kama ni mkavu na bado unarusha, angalia magamba ya mti yaliyobaki juu ya vipande, yakwangue, na angalia changarawe zilizoganda. Kuna miti pia ina tabia hiyo tu huibadilishi, huo usiutumie penye zulia, watoto au nyavu ya mbu karibu. Cheche zikitulia baada ya mkaa wote kushika moto na kuwa mwekundu hapo nyama iko salama, shida ni zile dakika za mwanzo.

Hauwaki, au unawaka afu unajifia

Kabla ya kulaumu mkaa toa majivu ya jana. Wavu wa chini ukizibwa na majivu na chenga hata mkaa wa dhahabu utazima. Chenga ndo adui mkubwa hapa, gunia likifika nusu unaanza kuchota vumbi na vipande vya ukubwa wa maharage, vinajaza nafasi zote kati ya vipande vikubwa, hewa haipiti. Pitisha mkaa kwenye wavu kabla hujaumimina, zile chenga zigandishe na uji wa wanga uzikaushe, zitakusaidia kwenye jiko la jikoni.

Ukiwa umesafisha na bado hauwaki, mkaa una unyevu. Na kuna kisa kimoja kinawachanganya watu: mkaa ulioiva sana nao ni mgumu kuwaka. Ule wenye mabaki mengi ya gesi na lami unashika haraka na kufuka moshi, ulioiva mpaka mwisho unachelewa ila ukishika unawaka safi. Kwa hiyo ukichelewa kuwaka bila moshi wala cheche, na unalia vizuri ukigongwa, uvumilie, huo ndo wenyewe. Uwashe na karatasi kavu na vijiti vyembamba chini ya jiko la kuwashia, utakubali.

Joto linapanda halishikiki

Pipa linavuja. Mlango wa chini haujakaa, mfuniko una mwanya, tundu ulilifunga ila hewa inapita kwingine. Shika udi au kijiti kinachofuka, moshi wake uzungushe pembeni pembeni mwa pipa, utaona panapounyonya ndani, hapo pazibe. Sababu nyingine umeuwasha mkaa wote kwa mpigo, au vipande ni vidogo vyote vinawaka pamoja, au unafunua kila dakika kuchungulia, kila ukifunua unaupa moto hewa mpya. Kufunga tundu la chini kwa pupa mpaka mwisho sio dawa, utapata ule moshi mweupe tuliousema, lipunguze kidogo kidogo na usubiri robo saa uone.

Moto unaisha nyama ikiwa nusu

Kwenye pipa lisilovuja kilo 4 hivi za mkaa mgumu zinakupeleka masaa 8 au zaidi, kama unaongeza kila saa jua unatumia mkaa laini au hewa inaingia nyingi. Upangaji unasaidia sana: panga mkaa usiowaka mstari wa nusu duara ukizunguka ukuta wa pipa, vipande viwili viwili vimelaliana, afu mwanzo wa mstari weka vichache vilivyowaka tayari. Moto unatembea taratibu. Lakini hapa ule mkaa uwe umeiva kweli na umechambuliwa, maana kila kipande kinawaka kwa mara ya kwanza nyama ikiwa juu yake, kijinga kimoja katikati ya mstari kinakuharibia saa nzima. Kama huna uhakika na mkaa wako usipange hivyo, ongeza kwa mkaa uliouwasha pembeni kwenye jiko jingine.

Na usichanganye moto kuisha na nyama kusimama. Paja au kidari kikifika ndani nyuzi 65 mpaka 75 hivi joto la nyama linaweza kugoma masaa mawili matatu wakati pipa liko vile vile 120, watu wanadhani mkaa umekufa wanaongeza moto. Nyama inatoa jasho, jasho linaipoza. Acha, au izungushie foili iendelee.

Harufu ya mafuta ya taa au plastiki kwenye nyama

Mafuta ya taa, dizeli, rambo, kandambili zilizochoka, vyote hivyo watu wanawashia mkaa. Rambo zimepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019 lakini plastiki za kuwashia mkaa bado zinapatikana kila uani. Kwa nyama ya moshi hapana kabisa, hata kama umesubiri saa nzima.

Kama hukuwashia hivyo na harufu ipo, nenda stoo. Mkaa unanyonya harufu, ile sifa inayofanya watu wauweke kwenye friji kuondoa harufu ndo hiyo hiyo inakugeuka. Gunia lililokaa wiki mbili karibu na dumu la petroli la jenereta, rangi, tina au dawa ya wadudu, limeshabeba. Huo usiupikie chochote cha moshi. Na kama pipa lenyewe lilibeba kemikali usililie bei, tafuta lililobeba mafuta ya kula, ulichome kwa moto mkali likiwa tupu kabla ya nyama ya kwanza, wala mfuniko usiutengeneze kwa bati lenye zinki, ikipata moto mkali inatoa mvuke wenye sumu.

Mwezi uliopita ulikuwa mzuri, sasa haufai

Hili ni la uhifadhi na linawapata zaidi watu wa pwani, Dar, Tanga, Unguja, Mombasa, hewa yetu ina maji mwaka mzima. Mkaa ukitoka tanurini una unyevu chini ya asilimia 1, ukikaa tu hewani bila hata tone la mvua unajivutia mpaka asilimia 5 au 10, na ambao haukuiva vizuri unavuta zaidi. Kwa hiyo gunia lililoegemea ukuta wa nje chini ya paa linakunywa maji kila usiku, na sakafu ya saruji nayo inapandisha unyevu kutoka chini, ndo maana ukimwaga gunia vya chini vinakuwa vimelowa wakati vya juu ni vikavu.

Ninachofanya na ninachoshauri: mkaa wa nyama utenge na wa kupikia. Chambua siku ile ile unaponunua, anika, pitisha kwenye wavu, afu weka kwenye pipa au ndoo ya chuma yenye mfuniko unaobana, juu ya matofali au paleti, sehemu ya kivuli yenye hewa, mbali na gesi, petroli na nguo. Viroba vya sandarusi vinafaa kusafirishia, sio kuhifadhia, vinapitisha hewa na jua likivipiga muda mrefu vinachanika na kuacha nyuzi za plastiki ndani ya mkaa wako, kila uzi huo utaungua chini ya nyama. Kama huna kitu cha chuma basi turubai juu, matofali chini, na upande mmoja uache wazi kwa hewa, ukilifunga gubigubi kwenye joto linatoka jasho ndani.

Briketi zilizogandishwa kwa wanga zikilowa hazirudi, zinavimba, zinamomonyoka, zinaota ukungu. Zenye ukungu tupa. Mkaa wa kawaida uliolowa haujafa, juani siku mbili tatu unarudi, ila utakuwa umevunjika vunjika kidogo na chenga zimeongezeka.

Na mkaa mpya kabisa usiukimbize ndani. Ukitoka tanurini unaendelea kuvuta hewa na kupata joto wenyewe, wataalamu wanataka ukae wazi masaa 24 kabla ya kupakiwa, lakini nani anawasubiri. Ukilishusha gunia liguse katikati kwa kuingiza mkono, likiwa na uvuguvugu liache uani usiku huo, mbali na ukuta.

Mkaa uliobaki: unauzimaje na unauweka wapi

Usiumwagie maji, utaulowesha na pipa litapata kutu. Funga matundu yote mawili, chini na juu, moto unakosa hewa unakufa, kesho yake una mkaa mzuri ulioiva mara ya pili, huo ndo bora kuliko wote kwa kuwashia. Tatizo ni watu wanaouchota usiku ule ule na kuurudisha kwenye gunia kwa sababu unaonekana mweusi. Kipande cheusi kwa nje kinaweza kuwa na moto ndani masaa mengi, na kikikutana na gunia kavu stoo inaungua watu wamelala. Uliobaki uingie kwenye ndoo ya chuma ya peke yake yenye mfuniko, ikae nje, usichanganywe na mwingine mpaka siku ya pili uushike kwa mkono mtupu ukiwa wa baridi kabisa.

Kichwa kinauma, kichefuchefu, usingizi wa ghafla wakati wa kukausha

Hii sio uchovu. Mkaa unaowaka kwa hewa kidogo, na ndivyo tunavyouwasha kwenye pipa, unatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na inaendelea kutoka hata moto ukiwa unakaribia kuzima na hauna moshi hata kidogo. Pipa likae uwanjani, sio barazani palipozibwa, sio gereji hata ukiacha mlango wazi, na mvua ikinyesha vumilia au ahirisha, jiko la mkaa wa jana usiliingize ndani kupasha chumba. Mtu akianza kuumwa kichwa toka naye nje kwenye hewa hapo hapo, wote mliokuwepo, na akiwa amelegea au anaongea ovyo apelekwe hospitali na mwambieni daktari kulikuwa na mkaa.